Uso Ndani ya Kutu

Maji yalikuwa vuguvugu. Mama Brashi alichomoa kidole kwenye beseni alimoloweka sarafu, akakitazama, kisha akakichovya tena. Maji yamekaa usiku kucha juu ya sakafu ya saruji, yanapataje joto kama ya kuogeshea mtoto?

"Uzee huu," alijiambia, akacheka peke yake.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisafisha sarafu za jumba la makumbusho. Safari hii wachimba msingi walikuta chungu kilichozibwa kwa lami, na ndani yake sarafu moja tu ya shaba, imegandamana na udongo mweusi. Maonyesho yalikuwa Ijumaa, na bosi alikuwa amemkalia kooni. Kwa haraka hiyo akafanya jambo ambalo angemfokea mwanafunzi yeyote: ule udongo wa kwanza, ambao kazi yao inataka utunzwe kwenye mfuko mpaka mwisho, aliumwaga kwenye sinki.

Jumatatu alibandua kutu ya kijani kwa ncha ya mwiba, zikajitokeza nyusi za uso. Nyusi nzuri, za upinde. Mchana alipokwenda nyumbani kula, binti yake, fundi cherehani, alikuwa mbele ya kioo.

"Mama, hebu niangalie. Nyusi zangu zimenyonyoka zote."

"Si hayo makorokoro unayojipaka," alimtania, na binti akacheka.

Jumanne ilijitokeza pua. Siku hiyo alikuta nyumba imejaa moshi, sufuria imeungua, na binti ameketi hatua mbili kutoka jikoni, anashona.

"Sikusikia harufu yoyote, mama," alisema.

Mama Brashi alishindwa kula. Aliogopa, lakini aliona haya kumwambia bosi kwamba anaogopa kipande cha shaba. Jumatano akashika mwiba tena, na midomo ilipoanza kuonekana chumba kilijaa harufu ya udongo uliolowa, akasikia mtu akimeza mate karibu kabisa na sikio lake, akageuka, hakuna mtu, akageukia meza, na pale chini ya taa ile midomo ya shaba, aliyoiacha imefumba, ilikuwa imeachama kidogo, nayo ilikuwa midomo ya mwanawe, mpaka lile kovu dogo alilolipata alipoanguka ngazini akiwa na miaka minne.

Alikimbia nyumbani. Binti alifungua kinywa, sauti haikutoka. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza: *Mama, kuna mtu anaongea kwa sauti yangu. Namsikia.*

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa mganga, mwanamke mnene mwenye kikohozi, ambaye alipomaliza kusikiliza alisogeza kiti chake nyuma.

"Huyo ni jini asiye na sura," alinong'ona. "Waliomfukia walijua wanafanya nini. Kila ukimfunua, anajichukulia kwa aliye karibu nawe. Udongo wake uko wapi, tumfunike?"

"Niliumwaga."

Mganga alikohoa, akafuta midomo.

"Basi alichochukua kimekwenda moja kwa moja. Na macho?"

"Bado yana kutu."

"Yasiguswe! Niletee sarafu sasa hivi, niizibe kwa nta. Mwanao atabaki na macho yake, angalau."

Angalau. Mama wa watu alilishika neno hilo moja na kukimbia nalo, kandambili moja ikakatika njiani, akaitupa, akapita kwa mlinzi bila salamu, akaingia chumba cha kazi akihema, akamkuta bosi amekunja mikono ya shati, anajifuta vidole kwa kitambaa, meno yote nje kwa furaha.

"Ulipotelea wapi, Mama Brashi? Nikaona nisikubanebane, nimekumalizia mwenyewe. Mswaki na limau tu, dakika tano! Hebu ona macho hayo."

Hakutaka kuona. Simu yake iliita. Alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayejificha.

"Mama, rudi haraka. Mwanao anapapasa kuta, anagonga vitu. Na humo chumbani kwake kuna mtu anacheka."

Juu ya meza sarafu ilikuwa inang'aa. Bosi aliinama kuitazama vizuri, nayo ikapepesa macho.

"Mama," ilisema, kwa sauti ya binti yake, "mbona umechelewa?"