Breki Upande wa Kushoto

"Zima hapo."

"Kimebaki kipande kimoja tu, Chizuru."

"Najua. Ndiyo maana nimesema zima."

Hisanori hakuzima. Aliisimamisha tu picha, akaweka rimoti juu ya meza, akavuta blanketi la ile meza yenye hita mpaka kiunoni. Yeye na Chizuru wamekulia mtaa mmoja hapa Kameyama, tangu wanavaa kofia za njano za shule ya msingi. Kila Jumatatu tangu vuli ianze, siku ambayo duka la dobi la Chizuru halifunguliwi na shule ya udereva anakofundisha Hisanori haina masomo, walikaa sebuleni humu wakiitazama upya katuni ya utotoni mwao, Mshale wa Lami. Shunta na gari lake la njano, Reiji na gari lake jeusi. Ukubwani waliona mengi ambayo hawakuyaona zamani. Watazamaji jukwaani ni walewale wanne waliochorwa wakarudiwa, na Shunta hajawahi kujaza mafuta hata siku moja. Walicheka, wakala tambi zao za supu ya miso, wiki ikapita.

Leo Chizuru hakucheka.

Labda ni kwa ajili ya Jumapili, aliwaza Hisanori. Jumapili Tokuda, rafiki yao wa tangu shule, analeta posa pamoja na wazazi wake. Ikipokewa, Chizuru anafunga duka na kumfuata mbali huko Fukuoka. Kabla ya kumwambia Chizuru lolote, Tokuda alimwuliza kwanza Hisanori, na Hisanori akajibu, "Mchukue, bwana. Hutapata mwingine kama yeye." Alisema hivyo ilhali anampenda Chizuru tangu darasa la tano. Mtaa mzima tulijua, ila kwetu mtu akijua jambo kama hilo hunywa chai yake akanyamaza.

"Unaogopa nini?" Hisanori aliuliza. "Mwisho wenyewe ulishanisimulia wewe."

"Nilikusimuliaje?"

"Kona ya mwisho Reiji anayumba. Shunta anakanyaga breki, anamwachia njia, anashindwa. Halafu uwanja mzima unasimama kumpigia makofi yeye aliyeshindwa. Nililia pale hospitali mpaka mshono wa kidole tumbo ukaniuma."

"Hisa."

"Mm."

"Sikuiona."

"Hukuiona nini?"

"Hiyo kona. Nilitega deki irekodi, nikaenda darasa la hesabu za abakasi. Nilitega kwa saa iliyoandikwa gazetini. Kumbe siku ile besiboli iliongezwa nusu saa."

Mtu wa rika letu hahitaji kuelezwa zaidi. Mechi ya jioni ikirefuka, vipindi vyote vinasogea mbele, na deki haijui besiboli, inajua saa tu. Watoto werevu waliacha nafasi ya ziada mwisho wa mkanda. Chizuru hakuacha.

"Mkanda uliishia wapi?"

"Wanaingia kona ya mwisho. Halafu chenga tupu."

"Na lile la breki?"

"Nililitunga. Ulikuwa kitandani umetoa macho, unaningoja nianze. Ningekuambia nimeharibu? Nikakupa mwisho ambao ningeupenda mimi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nawapenda wavulana wapole."

Hisanori alikuwa na hasira, na hakuizoea, kwa hiyo hakujua aiweke wapi.

"Nimewaachia watu njia miaka thelathini," alisema. "Kaka akaenda chuo, mimi nikabaki na mama. Mori wa kazini nikamwachia ukuu wa walimu. Kila nikitaka kitu namwona Shunta anakanyaga breki."

"Usimsingizie Shunta."

"Nimsingizie nani, wewe?"

"Mimi nilidanganya mara moja. Hayo mengine umeyafanya mwenyewe. Unajua umekaa wapi maishani? Kiti cha mwalimu. Kushoto. Miguuni una breki peke yake, mafuta huna, halafu unanuna gari likiendeshwa na mwingine."

"Sijanuna."

"Umenuna tangu uliposikia kuhusu posa. Hata supu yangu hukumaliza."

Hisanori akachukua rimoti.

"Bonyeza basi," Chizuru alisema. "Tumalize wote."

Kona ya mwisho ikaja. Gari la njano na lile jeusi yalikuwa ubavu kwa ubavu, matairi yanatoa moshi. Reiji akayumba. Picha ikashuka mpaka miguuni kwa Shunta, kiatu chekundu kikainuka kutoka kwenye pedeli. Kisha picha ikaganda. Muziki ukapigwa, maandishi yakatokea: Mbio zinaendelea. Majina ya wachoraji yakapita, na skrini ikawa nyeusi.

Wote wawili walingoja kidogo.

"Ndiyo hivyo tu?" Chizuru aliuliza.

"Watazamaji wa runinga walikuwa wachache, nadhani. Wameikatisha." Hisanori alirudisha nyuma, akasogea karibu na skrini. "Mguu wake uko hewani. Si kwenye breki, si kwenye mafuta. Mwanafunzi akiniendeshea hivi namfelisha."

Hapo ndipo simu ya Chizuru ilipotetemeka. Aliusoma ujumbe kwa sauti.

"'Niko dukani na mama. Samaki mkavu wa posa, kwenu mnapenda mkubwa au wa wastani? Nijibu sasa hivi, foleni inasogea. Tokuda.'" Akaishusha simu. "Nimjibu nini?"

"Mjibu unavyo..."

Hisanori akaiweka rimoti mezani. Chizuru alikuwa anamtazama.

"Mwambie asinunue," alisema Hisanori.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nakupenda mimi. Sitaki uende Fukuoka. Usiende."

"Mwambie wewe uliyemwambia anichukue, alinisimulia. Yangu nitamwambia mwenyewe."

Hisanori alipiga kwa simu yake.

"Hisanori! Uko kwa Chizuru? Hebu mwulize kuhusu huyu samaki..."

"Tokuda, nilikuambia umchukue. Nilikosea. Nampenda mwenyewe."

Ilisikika sauti ya muuza duka akimkaribisha mteja mwingine.

"Unaniambia leo? Niko kwenye foleni ya posa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilikuwa nakuachia njia."

"Nani alikuomba? Nilikuuliza ili nijue kama tunashindana. Ukaniacha nikimbie peke yangu kama mjinga."

"Nisamehe."

"Leo sikusamehe. Mpe Chizuru."

Chizuru alitoka chini ya blanketi, akakaa kwa magoti, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Tokuda, ningekuja Fukuoka, na ningekuwa mke mwema. Lakini kila siku ningekuwa namsubiri huyu aseme alichokisema leo. Hustahili hilo. Nisamehe sana."

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, kana kwamba Tokuda anamwona. Alibaki hivyo hata baada ya simu kukatika. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Bado nina hasira na wewe," Hisanori alisema.

"Kwa ule mwisho wa uongo?"

"Kwa kunificha muda wote huu."

"Na mimi nina yangu. Miaka thelathini unanikanyagia breki. Tuanze na ya nani?"

"Yako ni kubwa zaidi."

"Umeanza tena kuachia njia."

"Basi tuanze na yangu."

Chizuru alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaenda jikoni kupasha ile supu.

Walioana majira ya kuchipua, bila makuu. Tokuda hakuja. Alituma boksi lenye samaki mkavu, mkubwa, aliyefungwa kamba za karatasi nyekundu na nyeupe, na ujumbe mfupi kwenye simu: "Nilikuwa nimeshamnunua. Mleni."

Wakamla wiki nzima.

Mwezi uliofuata walifunga safari ya kwenda pwani ya Toba. Hisanori aliendesha, Chizuru akakaa kushoto.

"Punguza, kuna kona."

"Nimeiona."

"Hisa, punguza."

"Unakanyaga nini huko? Hilo ni zulia tu. Hakuna breki."

"Najua," alisema Chizuru, na akaendelea kulikanyaga mpaka kona ikaisha.