Mke Mwenza wa Mwalimu Recho

Mwalimu Recho alikutana na Gelasius kwenye mashine ya kukoboa mpunga, sokoni Mpanda, siku ambayo debe la pumba lilimwagikia sketi yake nyeusi aliyoipiga pasi ikanyooka. Aliyelimwaga ni Gelasius mwenyewe, dereva mrefu aliyevaa shati la kijani.

"Sorry, madam! I am very sorry!"

"Kiingereza unacho. Mikono tu ndiyo mizito," Recho alimjibu akijipangusa.

Kumbe kijana alikuwa anatafuta mwalimu wa Kiingereza. Alitaka kazi ya kuongoza wageni hifadhini, na Recho alikuwa na darasa la jioni kule Nsemulwa. Haukupita muda mwanafunzi akaanza kubaki kufuta ubao, kisha kumsindikiza mwalimu, kisha kumpigia simu kabla hajavua viatu.

"Umefika, mpenzi?"

"Gelasi, si umeniacha mlangoni sasa hivi?"

"Ndiyo, nimekumisi kuanzia hapo mlangoni."

Recho alicheka peke yake chumbani. Alimpenda, tena vibaya mno.

Mambo yaliharibikia darasani. Somo lilikuwa kumwelezea mtu, anachoweza na kinachomlazimu. Recho aliandika ubaoni *a person who can, a person who must*, akataka kila mmoja amwelezee mtu anayemhitaji maishani. Gelasius akasimama, kifua mbele.

"I want a wife who must live with my grandmother. A wife who must cook for her. A wife who must wash her clothes."

Darasa likapiga makofi. Recho akasema "Correct," maana kosa la sarufi halikuwepo, halafu akageukia ubao wasimwone uso. Alidhani amepata mchumba, kumbe mwenzake anatafuta dada wa kazi, tena wa bure!

Simu hakuipokea siku kadhaa. Alipoipokea, aliongea kikavu.

"Recho, nimekukosea nini?"

"Umenitangazia kazi mbele za watu. Mimi sikuomba kazi."

"Bibi ndiye kanilea. Siwezi kumwacha."

"Nani kasema umwache? Kupika mimi, kufua mimi. Wewe lako lipi?"

Gelasius akarudia habari za bibi. Recho akakata simu, akalia mpaka akachoka. Bila jibu la swali lile, Recho alikuwa tayari kumwacha huyo mwanaume aende zake.

Jumapili baada ya misa akasikia hodi. Mlangoni alisimama bibi kizee aliyejifunga kitenge cha njano, ameshika fimbo. Nyuma yake Gelasius, kofia mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo ya nini? Mimi na wewe tunagombania mume!"

Recho alicheka bila kupenda. Hata kwao Katumba bibi humwita mjukuu wake mume, na binti anayemtaka kijana huanza kwanza kwa kumpa zawadi huyo mke mkubwa.

"Mimi ndiye Fausta," bibi aliendelea. "Nasikia huyu mume wangu kakupangia kunifulia nguo. Mke mwenza ashike nguo zangu? Si utaniroga!" Akamgeukia mjukuu. "Haya, sema ulichokuja nacho."

Gelasius akapiga hatua mbele. "I am a man who can cook for my grandmother. I am a man who can wash her clothes. I want a wife who can say no."

"Anasema nini?" bibi aliuliza.

Machozi yalimlenga Recho. "Anasema kukupikia na kukufulia ni kazi yake, bibi. Na mimi naruhusiwa kukataa."

"Sasa wewe unasemaje?"

"Leo sikatai."

"Basi lete kitenge changu. Mume siachii hivihivi."

Recho aliingia ndani, akatoa kitenge kipya ambacho hajakivaa hata mara moja, akampa kwa mikono miwili. Bibi Fausta akakikagua pindo kwa pindo, akakiweka kwapani, akajikalia kwenye kiti.

"Mchukue," alisema. "Ila ugali wa leo apike yeye, tena hapahapa, mimi na mke mwenzangu tukimtazama."