Limau la Kupimia Magnesiamu

Kila siku akitoka shule, binti yangu Merina hubadilisha sare, hula kilichopo, kisha hukaa kwenye kigoda nje ya karakana yetu hapa Ujiji kuchambua vyuma chakavu. Mimi ni fundi wa kusubu. Nayeyusha alumini kuukuu, naimimina kwenye kalibu za mchanga, zinatoka sufuria. Merina ana miaka kumi na miwili. Tanuri haligusi, nimemkataza, na hilo analitii. Kazi yake ni kutenga tu: shaba huku, chuma kule, alumini kwenye karai.

Tatizo ni magnesiamu. Kwa macho inafanana na alumini, ila ni nyepesi zaidi. Ikiingia kwenye tanuri inaweza kuwaka moto mweupe, na moto huo ukiumwagia maji ndiyo umeuchochea. Kwa hiyo kila kipande tunachokitilia shaka tunakikwaruza kwa tupa, kisha tunakidondoshea limau. Alumini hunyamaza. Magnesiamu hutoa povu hapo hapo, kama soda iliyotikiswa. Limau la kupimia hukaa kwenye kisosi dirishani, na nimesema mpaka nimechoka kwamba si la kula.

Ningependa kuwa na kipimo cha maana kuliko limau. Wakubwa walishakuja hapa na viatu vyao vinavyong'aa, wakapiga picha, wakaahidi mafunzo ya kuzima moto na vifaa vyake. Picha walipata. Vifaa sijaviona. Ukifika wakati wa ushuru tu, ndipo hawapotei njia.

Wiki moja nilikuwa na kazi ya shule ya Merina mwenyewe. Sufuria lao la uji lilikuwa limetoboka, na watoto walikuwa wanashinda na njaa mpaka jioni. Bodaboda akaniletea gunia la vyuma kutoka Kalinzi. Ndani yake mlikuwa na kasha la giaboksi ya mtambo fulani, pamoja na mfuniko wake.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Nilikuwa nimekwenda kununua mkaa. Rafiki yake Klementina akaja mbio.

"Merina, mchezo wa rede umeanza! Unachambua mpaka lini, wewe bibi wa vyuma?"

"Bado hili kasha. Linataka limau."

"Limau gani? Si tulililamba jana na chumvi na pilipili? Ukasema baba yako hataona!"

Merina akakitazama kisosi. Kilikuwa na kokwa mbili. Akachukua nyundo. Alikuwa ameniona mara nyingi nikivunja maganda ya misumeno ya injini, ambayo ni ya magnesiamu, nayo hupasuka kirahisi. Akaligonga kasha, halikupasuka. Akaugonga na mfuniko. Wapi! Haukupata hata ufa.

"Umeona? Gumu hivi haliwezi kuwa magnesiamu," akasema. Akatupia mfuniko kwenye karai la alumini, kasha akaliacha kando kwa kuwa lilikuwa kubwa, wakaenda zao.

Niliporudi nilimuuliza, "Umepima vyote?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa limau?"

"Kwa limau."

Hata hakupepesa macho.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Niliwasha tanuri asubuhi, nikafungulia feni, alumini ikayeyuka vizuri. Nikatia mfuniko ule. Ukaelea juu kidogo kisha ukalainika. Mara nikaona kimoto kidogo kikichezacheza juu ya chungu cha kuyeyushia. Nikasema hiyo ni rangi inaungua, maana vyuma vingi huja na rangi. Rangi huwa naikomba kwa upawa mrefu. Nikavaa miwani ya kazi, nikainama.

Jirani yangu Hamdani, muuza samaki aina ya migebuka, alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee Anatoli, huo moto mbona kama unageuka mweupe?"

"Rangi hiyo. Kila kitu kimepimwa."

Merina alikuwa uani akiosha vyombo. Akasikia neno "kimepimwa." Akasimama. Baadaye aliniambia kwamba aliwaza fimbo kwanza, kisha akawaza macho yangu.

"Baba, toka hapo! Sikupima! Nilidanganya, toka!"

Sijui miguu ilinirudisha vipi nyuma. Hapo hapo palilipuka mwanga mweupe pale uso wangu ulipokuwa, mkali kama wa fundi anayechomelea. Cheche zikaruka. Upawa wangu ukawa chini.

Hamdani alikuwa tayari na ndoo. "Pisha, nizime!"

"Hamdani, ukimwaga hayo maji unatuua wote! Weka chini!"

Akaiweka. Nikazima feni, nikakifunika chungu kwa mfuniko wa chuma nilioushika kwa koleo refu, nikaumwagia mchanga mkavu kutoka kwenye pipa. Si mchanga wa kalibu, huo una unyevu. Tukasubiri nje, macho tumeyageuzia ukutani, mpaka mwanga ukafa. Wa kumwita hatukuwa naye. Gari la zimamoto tuliliomba mtaani mpaka tukachoka, kama tulivyolisubiri gari la wagonjwa siku mama yake Merina alipozidiwa.

Alumini yote ikaharibika. Sufuria la shule halikutoka. Merina akanieleza yote, tangu limau hadi nyundo.

"Nani kakufundisha kupima kwa nyundo?" nilimfokea. "Nyundo ni ya kuvunjia!"

"Nilikuona ukivunja, Baba. Hili halikuvunjika."

Jioni mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Frida, akaja kuulizia sufuria. Nikamweleza kwa hasira yote niliyokuwa nayo. Aliliokota lile kasha lililobaki, akalipima uzito mkononi, akalifuta vumbi. Pembeni palikuwa na herufi zilizosubiwa: AE.

"Mtoto hakukosea kuona kwamba ni gumu," akasema. "Hii ni aloi, yaani metali zilizochanganywa. Magnesiamu ndiyo nyingi. A ni alumini kidogo. E ni metali adimu, kama seriamu na lanthanamu."

"Kidogo tu ndiyo ikaishinda nyundo?" Merina aliuliza kwa sauti ya chini.

"Leta lile ganda la msumeno lililovunjika."

Akalileta. Mwalimu akatuonyesha pale lilipopasukia: chembe kubwa zinazometameta, kama chumvi ya mawe. "Metali ikipoa huganda kwa chembe. Zikiwa kubwa, ufa hupita kirahisi. Metali adimu ikiongezwa kidogo, chembe huwa ndogo, na katikati yake hujengeka vigingi vigumu vya kuzishikilia. Ndiyo maana aloi hii haivunjiki upesi, hata kwenye joto la mtambo hailegei haraka. Pengine ndiyo maana ilichelewa pia kushika moto. Lakini bado ni magnesiamu."

Nikakata limau jipya. Nikakwaruza kasha, nikadondosha. Likatoa povu mbele yetu sote. Merina akalitazama povu lile, machozi yakamtoka.

"Shule yenu ina chumba cha maabara," nikamwambia mwalimu. "Kina kufuli mpya na ndani hakuna hata chupa. Haya watoto wangeyajua zamani."

"Ni kweli, Mzee. Lakini limau lilikuwepo, likaliwa."

Nikamgeukia mwanangu.

"Nisikilize. Kula limau ni utundu. Kutopima ni uvivu. Hayo mawili ningekufokea yakaisha. Lakini uliponiambia umepima, mimi niliinama juu ya moto kwa kuliamini neno lako. Kazi ambayo hujaifanya, niambie hujaifanya. Nitakasirika, ndiyo. Ila nitakuwa na macho ya kukasirikia."

"Nisamehe, Baba."

"Na leo ulisema kweli huku unaogopa. Hilo nalo nimeliona."

Jumatatu nikawasha tanuri tena kwa ajili ya sufuria la uji. Mkaa ulikuwa unaungua, feni inanguruma, nami nimechoka kusubiri.

"Merina! Tayari?"

Akajibu kutoka kwenye kigoda chake, limau mkononi:

"Bado, Baba. Viwili sijavipima."

Nikaguna. Nikazima feni, nikakaa chini, nikamngoja.