Fundo la Fosca

Kila mchana Fosca alikula polenta yake, ugali laini wa mahindi, peke yake. Mama alikuwa kazini, na bibi, akishampakulia, alirudi bustanini kupalilia. Tangu Nives, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ahamie Trieste, hapakuwa na mtu wa kumgongea mlango. Upweke ulimkaba hata chakula kikakosa ladha.

Wiki hiyo darasa la Mwalimu Zorzin lilikuwa likijifunza ulinganifu wa maumbo. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda kanisa kuu la mji wetu wa Aquileia, kwenye sakafu ya mozaiki, yaani picha za vijiwe, iliyoachwa na Warumi, akachore fundo la Sulemani. Ni pete mbili ndefu zilizosukana, moja imelala, nyingine imesimama. Mchoro bora ungepangwa kwa vijiwe vya rangi kwenye kizingiti cha shule. Fosca aliutamani sana ushindi huo. Jina lake likitajwa, aliwaza, huenda mtu angemwita wacheze.

Alikwenda. Lakini alipomaliza nusu ya kulia, kundi la wenzake liliingia likicheka, likigombania rula moja. Fosca akaona haya kukaa pale peke yake kama kifaranga kilichoachwa. Akakunja karatasi, akaondoka. Nyumbani aliinakili ile nusu kwenye karatasi angavu, akaigeuza kama sura kwenye kioo, akaiunganisha. Lo, likatoka fundo la kupendeza!

"Umelipima lote?" Mwalimu aliuliza kesho yake.

"Lote, Mwalimu."

Mchoro wake ukachaguliwa. Siku ya kupanga vijiwe, Mwalimu alileta kamba mbili.

"Kwanza tulisuke tuone. Danilo, shika. Fosca, mwelekeze."

"Pete iliyolala," Fosca alisoma mchoro wake, "upande wake wa juu unapita juu ya ile nyingine, kulia na kushoto. Upande wa chini unapita chini yake, kulia na kushoto."

Danilo, mmoja wa wale waliogombania rula, akasuka, akafunga ncha, akavuta. Pete moja ikateleza ikachomoka, ikaanguka sakafuni.

"Fundo gani hili? Hata kamba za viatu vya babu yangu zinashika!" alisema, na darasa likaangua kicheko. "Au Warumi wenyewe waliboronga?"

Mwalimu akamtazama Fosca. Ilikuwa rahisi kuwasingizia watu waliokufa zamani.

"Hawakukosea. Nilichora nusu tu, ile nyingine nikaigeuza. Nilidanganya." Machozi yakamtoka. "Niliona haya kukaa peke yangu."

Danilo akaiokota ile kamba.

"Si ungetuita?" Danilo alisema. "Sisi tulidhani unaringa, hutaki watu."

Mwalimu akaahirisha kazi ya vijiwe, akawatuma wote wawili kanisani. Walipiga magoti, Danilo akishika rula, Fosca akichora. Waligundua kwamba kila pete ikipita juu ya mwenzake, mahali panapofuata inapita chini. Wakaizungusha karatasi robo mzunguko, na fundo likabaki lilelile. Wakaiweka mbele ya kioo kidogo cha Fosca, na fundo ndani ya kioo halikufanana na la sakafuni.

Kesho yake walisuka upya mbele ya darasa.

"Vuta, we mwoga!" Danilo alimwambia. Fosca akavuta kwa nguvu zake zote. Fundo likakaza.

"Mmeona?" alisema Mwalimu Zorzin. "Upo ulinganifu wa kioo, na upo wa kuzunguka. Hili lina wa kuzunguka tu. Kila pete hupita juu, kisha hukubali kupita chini, ndiyo maana haziachani. Na wewe, Fosca, ungenyamaza, tungeubandika uongo mlangoni na kuukanyaga kila asubuhi. Kusema kweli kumekutoa machozi, lakini kumetupa fundo linaloshika."

Danilo alikuwa bado ameshika ncha ya kamba.

"Mchana unakula nini?"

"Polenta. Peke yangu."

"Basi mwambie bibi yako leo tuko wawili."