Kitabu Alichokisifia Msusi

Siku yenyewe ya kawaida tu, jua kali, mdogo wangu kwenye cherehani yake sebuleni kwake, mie nimejinyoosha mkekani nasengenya watu. Akaingia shoga yake, yule msusi, wanaazimana kila kitu kasoro waume. Kitabu kwapani.

"Shoga, soma hiki. Kinatisha, lakini huyo kijana wake! Utampenda kama umemzaa."

"Ana mke?" nikauliza. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi alasiri mdogo wangu akawa anashona huku ananisomea, maana mie herufi zinanipiga chenga. Kijana hana kwao, kandambili moja nyekundu, moja ya bluu, mcheshi huyo, anawatania hata mbwa wanaomfukuza! Kila nyumba anapiga hodi. Kila nyumba kimya. Nilicheka, mara machozi haya.

Mvua ikamnyeshea. Akapiga hodi mlango wa mwisho. Mdogo wangu na huruma zake akasahau ni kitabu.

"Karibu, mwanangu."

Cherehani ikasimama.

Mlango ukafunguka. Hakuna mtu. Nje jua linawaka. Ndani, nyayo za maji sakafuni. Zikanipita. Zikaishia kwenye kiti cha wateja. Kiti kikalia, kama kimekaliwa.

"Dada," akaninong'oneza, "kuna mtu ananipumulia shingoni."

Nilitoka mbio pekupeku mpaka kwa msusi. Nikamkuta anadeki huku anaimba, uso umenawiri kama bi harusi. Na juzi tu alikuwa amekonda kama uzi, mdogo wangu akimuuguza, sie tukadhani mapenzi!

Hakuniuliza kuna nini.

"Ameshaingia?"

"Kumbe ulijua!"

"Nami nilimkaribisha, dada. Hatoki mpaka akaribishwe kwingine."

"Watu wote hawa, ukamchagua yeye? Aliyekuuguza?"

Akakamua tambara, polepole. "Wengine hawana huruma. Wasingeitikia."

Nikarudi mbio, pekupeku vile vile.

Mdogo wangu nikamhamishia kwangu. Nikamwambia, kitabu ampe mwingine. Akakataa. "Nimtende nani hivi nilivyotendwa?" Akakichoma mwenyewe jikoni, analia, si kwa woga. Analilia shoga yake.

Sasa kwangu hodi haiitikiwi. Ukija, piga kelele jina lako, la sivyo utaota mizizi hapo nje.

Leo asubuhi nimefungua mlango nifagie. Kandambili mbili, zimelowa. Nyekundu, na bluu.

Zimeelekea ndani.