Zamu Arobaini

Asubuhi ya Jumanne, hospitali ya macho ilikutwa imeibiwa zamu arobaini. Orodha ya upasuaji ndani ya kompyuta ilikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja, na aliyebaki mahali pake ni mmoja tu: dereva, namba ishirini na moja.

Inspekta, mama aliyependa maswali kuliko chai, akaanza na huyo.

"Wenzako wote wamehamishwa. Wewe una nini?"

"Mtoto wa jicho, afande. Basi."

Inspekta alicheka. Akaandika orodha mbili kwenye karatasi, ya jana na ya leo. Wa kwanza wa leo, jana alikuwa wa arobaini na moja; wa pili, wa arobaini. Kumbe orodha imegeuzwa tu, mwisho ukawa mwanzo, na wa katikati hana pa kwenda. Dereva akaachiwa.

Aliyeibuka namba moja ni mshonaji, bibi aliyekaa kwenye benchi akipapasa tundu la sindano.

"Bibi, nani kakuweka mbele?"

"Mbele wapi, mwanangu? Mimi ni wa mwisho tangu siku ya kwanza. Haya macho yakizima, na cherehani imezima."

Wa mwisho tangu siku ya kwanza? Maneno hayo yalimwasha Inspekta. Akaomba daftari la mapokezi. Bibi ndiye aliyetangulia wote, miaka miwili iliyopita, na orodha iliyogeuzwa ililingana na daftari jina kwa jina.

Akamwita fundi wa programu.

"Mgonjwa mpya, programu yako inamweka wapi?"

"Mwisho, afande."

"Na hadi jana?"

"Mwanzo."

"Na daktari anaita kuanzia wapi?"

"Mwanzo." Machozi yakamtoka. "Kila mgeni alimruka bibi. Ni kosa langu, mstari mmoja tu. Juzi nilimpelekea suruali aipunguze, nikamwona anajichoma vidole. Jana usiku nikageuza orodha kimyakimya. Niliona aibu kusema."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mkurugenzi, aliyekuwa mlangoni, akauliza, "Kwa hiyo tuirudishe ilivyokuwa?"

"Isiguswe," alisema Inspekta. "Mpangilio wa zamani ndio uliokuwa wizi."

Fundi akapiga magoti mbele ya benchi. "Bibi, aliyekula zamu yako ni mimi."

Bibi akatega sikio. "Hii si sauti ya yule wa suruali?"

"Ndiye."

"Mguu mmoja niliukata mfupi, nikaona haya kukwambia. Ilete tena nikishatoka humo ndani."

Muuguzi akafungua mlango, akaita namba moja.