Nukta Tatu Chini ya Saini ya Baba

Kila siku akitoka shule, Yasna Barría huinjika birika, huwasha kompyuta ya shangazi yake, kisha hujifanya anadurusu. Mvua ya mji wa Ancud ilikuwa ikipiga bati siku ile barua pepe ya Mwalimu Soledad ilipoingia.

"Yasna amechaguliwa kwenda mji wa Valdivia kwenye mashindano ya sayansi. Lakini katika jaribio la mwisho alinakili majibu ya mwenzake. Sitampeleka kabla baba yake hajalijua hilo. Yasna, mpelekee baba barua hii, anijibu."

Baba yake alikuwa baharini, kwenye vizimba vya kufugia samaki, akisoma barua kwa simu. Yasna alipobofya kumpelekea, maneno ya mwalimu yalijipanga chini ya dirisha, na kumbe yanafutika kama yake mwenyewe! Akaondoa habari ya kunakili na sharti lake. Ikabaki barua ya pongezi tupu.

Jioni baba akamjibu mwalimu, nakala kwa binti: "Nimesoma, Mwalimu. Aende." Chini yake saini: Nelson Barría, fundi wa mashua. Chini ya saini, nukta tatu.

Kesho yake asubuhi Yasna alimwonyesha Eliseo, binamu yake, anayejua kompyuta kuliko kuoga.

"Hizi nukta ni za nini?"

"Kuna mkia hapo. Jibu hubeba barua ya kwanza mgongoni, programu inaikunja tu isikuchoshe macho. Bofya."

Yasna akabofya. Barua ile, vile vile alivyoikata, ikafunguka, jina la mwalimu juu yake.

"Kwa hiyo na mwalimu anayo?"

"Anayo. Wewe dada, umeiba kuku, halafu umempelekea mwenyewe manyoya."

"Labda hatabofya."

"Labda. Ila saa nane anazituma barua za wazazi kwa mkuu wa shule. Kompyuta ya mkuu ni kongwe, haijui kukunja kitu. Inamwaga yote."

Asubuhi nzima Yasna hakusikia somo. Kila mwalimu alipogusa simu, kalamu ya Yasna ilisimama. Mwalimu alipomtazama akatabasamu, hali ikawa mbaya zaidi. Nje kulizidi kuwa giza. Saa nane kasorobo akajikuta mlangoni mwa ofisi.

"Mwalimu, usiitume ya baba."

"Kwa nini, binti?"

"Bofya zile nukta za chini."

Mwalimu Soledad alisoma. Akarudia kusoma.

"Hii ina jina langu," alisema taratibu. "Lakini si barua yangu."

"Niliikata mimi. Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Ila Valdivia huendi."

Yasna aliinamisha kichwa. Mwalimu akamsogezea kiti.

"Kaa hapa. Mpelekee baba yako barua yangu nzima, na juu yake andika ulichofanya."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kabla ya kengele, jibu likaja: "Nimeumia, mwanangu. Lakini ni afadhali nimelisikia kwako. Jumamosi tutaongea."

"Unaona?" alisema mwalimu. "Mimi na baba yako hatujawahi kuonana. Tunaaminiana kwa sababu wewe uko katikati. Maneno ya mtu ukiyabeba, yafikishe kama yalivyo, hata yakikuchoma wewe mwenyewe. Mwakani kuna mashindano mengine. Nitaandika barua nyingine, na wewe ndiye utakayempelekea."